Kamera, mtoto na mgonjwa ndani ya nyumba moja

Siku za mama anayepiga picha za familia huongozwa na vitu viwili: jua na usingizi wa mtoto. Mume akirudi nyumbani na mshono tumboni, kinaingia cha tatu, nacho hakiahirishwi: saa ya dawa. Wengi hukosea hapohapo. Huiacha kalenda ya kazi ilivyo, kisha hupenyeza uuguzi kwenye nafasi zilizobaki. Wiki ya pili haiishi kabla mambo hayajavurugika: dozi imerukwa, mteja amesubiri, mtoto kasinzia saa 11 jioni na ataamka usiku wa manane akitaka kucheza. Iwe kinyume. Saa za dawa ziandikwe kwanza, tena kwa wino. Usingizi wa mtoto ufuate. Kazi ijibanze kwenye kilichosalia, na kilichosalia ni kidogo kuliko unavyodhani.

Mfano wa humu ni upasuaji wa tumbo, tuseme wa ngiri, kwa sababu ndio unaomfanya mtu aonekane mzima usoni kabla hajapona ndani. Daktari wenu akitoa kipimo tofauti na hiki, shikeni cha daktari. Yeye ndiye aliyeuona mwili huo ukiwa wazi.

Saa ya dawa

Chukua parasetamoli, ambayo wengi wanaotoka chumba cha upasuaji huandikiwa. Mtu mzima asiye na tatizo la ini, na ambaye si mwembamba sana, kwa kawaida hupewa gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na jumla haitakiwi kupita gramu 4 kwa siku nzima. Akianza saa 12 asubuhi, zinazofuata ni saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku. Sasa angalia. Mahali ambapo jua huzama saa 12 na ushee, dozi ya jioni inaangukia palepale unapokuwa umepiga goti kwenye majani ukifukuzia ule mwanga wa mwisho, laini, wa rangi ya asali. Utajiambia dakika arobaini si kitu. Lakini maumivu yakishapanda hayateremki haraka. Hatatembea jioni ile, atalala vibaya, na wewe utalala vibaya zaidi yake. Sogeza mzunguko wote kwa saa moja: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku, saa 7 usiku. Jioni yako imerudi. Kusogeza maana yake ni kuchelewesha dozi moja kwa saa moja, mara moja tu. Usiwahishe dozi hata mara moja, zikaja zikakaribiana.

Kuna kosa la usiku linalowapata hata watu makini. Mke anatoa dozi saa 7 usiku, mume anaamka saa 9 anaumwa, anajipa mwenyewe, na asubuhi hakuna anayekumbuka. Weka daftari moja lenye safu nne: saa, jina la dawa, kiasi, nani ametoa. Kalamu ifungwe kwa uzi kwenye daftari lenyewe, maana kalamu ndiyo ya kwanza kupotea nyumba yenye mtoto. Chunguza pia maboksi ya dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani yake, na mtu anaweza kupita gramu 4 bila kujua amepitaje.

Dawa kali, za jamii ya morfini, kodeini na tramadoli, zina mambo mawili ambayo familia huyasahau. La kwanza ni choo. Hufunga tumbo, na kwa mwenye mshono tumboni kujikamua ni mateso. Ulizeni dawa ya kulainisha choo siku ileile mnapoandikiwa dawa kali, msisubiri siku ya tatu. La pili ni mtoto. Kidonge kimoja tu cha dawa hizi kinaweza kumuua mtoto mdogo. Meza ya kando ya kitanda si mahali pake, hata kwa dakika tano, hata kama mfuniko ni ule wa kubonyeza na kuzungusha. Vikae juu na vifungiwe, kila anapomaliza kumeza.

Kutembea, kuoga na mazoezi vipangwe dakika 30 hadi 45 baada ya kidonge, dawa ikiwa imekolea. Kuinuka kitandani kuna namna yake: apinde magoti, ajigeuze mwili mzima ubavu kama gogo, ashushe miguu, kisha ajisukume kwa kiwiko na kiganja. Usimvute mikono. Ukimvuta, tumbo lake linakaza, mgongo wako unateguka, na hapo nyumba ina wagonjwa wawili. Akitaka kukohoa au kupiga chafya, akumbatie mto na kuubana tumboni. Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu mara 10, na kila baada ya saa mbili atembee dakika chache, hata kama ni kutoka chumbani hadi mlangoni. Damu huganda miguuni mwa mtu aliyelala tu.

Yafuatayo hayasubiri kikao cha picha kiishe: kushindwa kukojoa saa 6 hadi 8 baada ya upasuaji, homa ya 38 au zaidi, usaha au harufu, kutapika kusikokoma, shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifua kikibana au pumzi ikikata ghafla, si jambo la kupiga simu kuuliza. Ni la kwenda hospitali dakika hiyohiyo.

Kilo tano

Baada ya upasuaji wa tumbo, wengi huambiwa wasinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5 kwa wiki 4 hadi 6. Namba hiyo ukiiacha hivyo haina maana. Ipeleke kwenye vitu vya nyumbani. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10. Mkoba wa kazi wenye kamera mbili, lenzi ya milimita 24–70, lenzi ya 70–200 yenye uzito wa takriban kilo moja na nusu, flashi mbili na betri hufika kilo 6 au 7 bila shida. Kwa hiyo mtoto haruhusiwi, na mkoba nao haruhusiwi kuusogeza ili apite. Uweke mahali ambapo haumkeri mtu, kwa sababu mwanamume aliyechoka kukaa hunyanyua kitu cha kwanza kinachomzibia njia, tena ukiwa umempa kisogo.

Mtoto haelewi kilo. Anaelewa upande. Bandika kipande cha utepe wa rangi upande wa kitanda au kiti ulio mbali na kidonda, mfundishe kuwa huo ndio upande wake wa kukaa na baba. Aupande mwenyewe kwa kigoda, au umpandishe wewe. Kabla hajafika, mto uwe umeshalala juu ya tumbo la baba. Mtoto wa miaka miwili huja kwa kurukia, hajui kuja kwingine, na magoti yake yapo kimo kilekile cha mshono.

Hapa kuna mstari ambao sioni sababu ya kuulegeza: mgonjwa si mlezi. Kusema "baba yuko nyumbani, atamwangalia" ndiko kunakozaa ajali. Anaweza kumtazama, hawezi kumdaka. Mtoto akiielekea ngazi au kitu cha moto, inabidi mtu ainuke ghafla, ainame na anyanyue kilo 10, na hayo matatu ndiyo aliyokatazwa. Akiwa bado anameza dawa kali, anaweza hata kusinzia katikati ya hadithi. Kwa hiyo kila kikao kinadai mtu mzima wa tatu nyumbani: bibi, shangazi, jirani wa kuaminika. Hayupo, hakuna kikao. Saa 24 za kwanza baada ya dawa ya usingizi ya upasuaji hazina hata mjadala. Lazima mtu mzima awe naye, na huyo usiwe wewe uliyeacha kamera imechajiwa mlangoni.

Lini arudie ulezi? Kipimo cha nyumbani ni hiki: ameacha dawa kali, anainuka kwenye kiti bila kusukuma kwa mikono, anaweza kushuka sakafuni na kuinuka peke yake, na daktari ameruhusu uzito wa mtoto huyo. Yakitimia matatu kati ya manne, bado.

Kupiga picha ya kidonda

Hapa ndipo ujuzi wa mke mpiga picha unapomfaa mgonjwa moja kwa moja, na ajabu ni kwamba wengi hupiga picha ya kidonda vibaya kuliko picha yoyote maishani mwao: usiku, kwa flashi, mkono ukitetemeka.

Simu inatosha. Piga mchana, karibu na dirisha, taa zote zimezimwa. Balbu ya manjano huifanya ngozi yote ionekane nyekundu au ya chungwa, na nesi atakayeitazama hatajua kama ni kidonda au ni balbu. Flashi nayo hufuta mikunjo na uvimbe, na penye unyevu huacha doa jeupe. Piga mbili: moja ya mbali inayoonyesha kidonda kiko wapi mwilini, moja ya karibu kwa kama sentimita 30. Weka rula kando bila kugusa ngozi, na kipande cha karatasi nyeupe ndani ya fremu, ili mtazamaji apate kitu cha kulinganishia rangi. Zima vipodozi vyote vya simu, vichujio na ule mtindo wa kutia ukungu nyuma. Kesho yake piga kutoka pembe ileile, saa ileile, mgonjwa akiwa amelala vilevile. Picha mbili za pembe tofauti hazilinganishwi.

Ukiona rangi inatambaa kutoka kwenye mshono, zungushia ukingo wake mstari wa kalamu juu ya ngozi na uandike saa. Ikivuka mstari, huna haja ya kubishana na mtu yeyote kama imeongezeka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha: tafuta rangi iliyokolea zaidi au inayoelekea zambarau, joto ukigusa kwa mgongo wa mkono, ugumu na uvimbe. Simu nyingi huona ngozi nyeusi ni giza na kujaribu kuing'arisha, ikifuta kilekile unachotaka kukionyesha. Gusa ngozi kwenye kioo na ushushe mwanga kidogo mpaka mikunjo irudi.

Muulize kabla ya kupiga. Na folda ya picha hizo isiwe kwenye njia ya kujipakia yenyewe kwenda kwenye albamu ya familia au, Mungu apishe mbali, kwenye ukurasa wa wateja.

Hesabu ya kikao kimoja

Anayekubali kikao cha saa moja hafikirii anakubali nini. Saa moja na familia yenye watoto huzaa picha 400 hadi 600. Kuchuja, yaani kuchagua za kubakiza na za kutupa, ni saa nzima. Ukikabidhi picha 60 na kila moja ikachukua dakika 3 kuhaririwa, hizo ni dakika 180. Ongeza kwenda na kurudi, kunakili kadi, kupakia, kujibu ujumbe. Saa moja imekuwa siku ya kazi. Kinachovunja nyumba wakati wa uuguzi ni zile dakika 180, kwa sababu huibwa usiku, na usiku ndio wenye dozi ya saa 7.

Punguza ukubwa wa kikao kabla ya kukataa wateja: kikao cha dakika 30, picha 150, za kukabidhi 15. Kumi na tano mara tatu ni dakika 45. Wateja hukubali kwa wepesi kuliko unavyohofia, mradi waambiwe mapema na bei ishuke ipasavyo. Wiki mbili za kwanza ziachwe tupu. Ya tatu na ya nne, kikao kimoja kifupi kwa wiki. Ya tano, viwili, kama kidonda kimekauka.

Si kila kikao kinaahirishika. Picha za familia zinasubiri, familia haiozi. Za mtoto mchanga anayepigwa picha akiwa amelala na kukunjwakunjwa huwa nzuri zaidi ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa hiyo hizo mpe mpiga picha mwenzako, pamoja na orodha ya picha zinazotakiwa, mifano ya rangi zako, na makubaliano ya maandishi kuhusu malipo na nani anabaki na faili. Arubuni iliyopokelewa iwekwe kando, isiguswe na matumizi ya hospitali, ili anayetaka kurudishiwa arudishiwe siku hiyohiyo.

Ujumbe wa kuahirisha usiwe wa kulia wala wa kuzunguka. Kwa mfano: "Habari za asubuhi, Mama Neema. Mume wangu anafanyiwa upasuaji wiki hii na nitakuwa namuuguza. Naomba tusogeze kikao chetu. Nina nafasi mbili, Jumamosi ya tarehe 14 au ya tarehe 21, zote asubuhi. Kama zote hazikufai, nitakurudishia arubuni yako yote. Asante kwa kunielewa." Tarehe mbili, basi. Ukimwachia achague mwenyewe, mtaandikiana siku nne.

Kuhariri usiku kuna mtego wake. Chumbani kuna taa ya manjano hafifu ili mgonjwa alale. Macho yanaizoea, kioo cha kompyuta kinaonekana cha buluu, nawe unaongeza umanjano mpaka watoto wa watu wanakuwa rangi ya embe. Kioo kikiwa kinang'aa mno gizani, utazitia picha kiza, zikichapwa zinatoka kama zimepigwa magharibi. Na kama kompyuta imejiwasha kile kichujio cha usiku cha kulinda macho, utakosea upande wa pili: zitakuwa baridi, za buluu. Usiku nakili kadi tu, kwenye diski mbili, na nakala ya tatu iende mtandaoni wakati umelala. Usiifute kadi mpaka zote tatu zionekane. Rangi ni kazi ya asubuhi.

Kikao kifupi kisicho na marudio

Mpiga picha aliyelala kwa saa nne tu hukosea vitu vidogo, kwa hiyo vipunguze. Kamera moja, lenzi moja ya milimita 35 au 50, betri mbili. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/250 ya sekunde kwa watoto waliotulia, 1/500 wakianza kukimbia. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe, ukomo 3200 au 6400 kulingana na kamera. Ndani ya nyumba ya mteja, familia ikae mita moja hadi moja na nusu kutoka dirishani, taa za dari zizimwe, maana mwanga wa mchana na wa balbu ukichanganyika shavu moja huwa la buluu na jingine la manjano, na hilo ndilo linalokula dakika zako tatu za kuhariri mpaka ziwe kumi.

Kosa linaloharibu picha nyingi za familia ni tundu la lenzi kuachwa wazi mno; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwa kamera ya sensa kamili, yaani yenye kipokea mwanga cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, na lenzi ya 50, ukisimama mita 2, f/2.8 hukupa ukali wa takriban sentimita 27 tu kutoka mbele kwenda nyuma, f/4 kama 38, f/5.6 kama 54. Mtoto aliyepakatwa akiinama mbele anakula sentimita 30 peke yake. Tumia f/4 watu wakiwa mstari mmoja, f/5.6 wakiwa miwili. Ukungu mzuri wa nyuma hauna faida kama bibi hana macho.

Kikao kifanyikie kwa mteja, si kwako. Nyumba yenye mgonjwa haihitaji mafua ya watu sita wala foleni ya choo. Na umbali uwe wa kurudi ndani ya nusu saa ukiitwa. Simu iwe mfukoni ikiwa na sauti kwa namba moja tu, ya yule mtu mzima wa tatu.

Picha ya nyumbani

Watu husema wasubiri baba apone ndipo wapigwe picha. Sikubaliani. Picha ya baba kwenye kiti, mto tumboni, mtoto upande wa utepe, itatazamwa zaidi kuliko ile ya bustanini. Ila ipigwe kwa masharti ya mgonjwa: ndani ya saa moja au mbili baada ya dozi, dakika 10 zisizozidi, kiti kigumu chenye mikono na kimo cha kutosha asizame. Dirisha liwe ubavuni mwake. Usimwambie ajinyooshe wala ageuze kiwiliwili. Kama pembe haifai, sogea wewe. Bandeji isionekane asipotaka, na mto unaificha vizuri huku ukionekana kama kitu cha kukumbatiwa.

Halafu, usimchekeshe. Mpiga picha wa familia anaishi kwa kuchekesha watu, ana mizaha yake ya kudumu; mwenye mshono wa siku ya tano atakushika mkono akuombe unyamaze, machozi yakimtoka. Mpe mtoto kitabu, waache wasome.

Ili nawe uwemo, weka kamera kwenye stendi, fokasi uifunge kwa mkono kwenye jicho la baba, na uamuru kamera ipige picha moja kila sekunde 5. Dakika 10 ni picha 120. Baada ya dakika mbili mtoto anausahau ule mlio, na mama naye anausahau, jambo ambalo ni gumu zaidi. Wakati huo endelea na kazi zako za kweli, kuhesabu vidonge, kufunga viatu. Miguu ya stendi iwekewe uzito. Mtoto huipenda kuliko kitu chochote chumbani.

Mtoto mwenyewe usishangae akirudi nyuma: aliyekwisha kuacha nepi anakojoa kitandani, aliyelala peke yake anataka mgongo wako. Ratiba yake imevunjwa na hakuna aliyemweleza. Mweleze kwa maneno mafupi, yaleyale kila siku: baba ana kidonda tumboni, kinapona, hatumpandi. Mpe kazi, kama kumletea baba mto wake. Na mpe dakika 15 kwa siku ambazo huna kamera wala simu mkononi. Usingizi wake wa mchana, ule ambao kila mpiga picha mama huuona ni saa ya kuhariri, lala nao siku moja na kuhariri siku moja. Siku za kulala zisipungue hata kama foleni ni ndefu.

Mwisho wa wiki ya pili, au atakapoacha dawa kali, mume ataanza kuudhika kwa kukaa. Hapo ana kazi ya kumfaa: kuchuja. Mwekee kompyuta juu ya meza, si mapajani ambako joto na uzito vinakaribia mshono. Vitufe viwili tu: kimoja cha kubakiza, kingine cha kutupa, alama za nyota tano zinamfanya mtu aliyechoka awaze bure. Atupe macho yaliyofumba, picha zilizotikisika na zinazofanana, asiguse rangi. Mtu asiyewajua wateja huchuja vizuri kuliko aliyekuwepo, kwa sababu hakumbuki jinsi ile picha ilivyokuwa ngumu kuipata. Kengele ya simu iwekwe dakika 30. Ikilia, hata kama amebakiza picha saba, anasukuma kiti nyuma, anashika mto wake, anakohoa mara mbili, anaanza kutembea kwenda mlangoni, mtoto akimfuata upande wa utepe.